Kumwendea Pongo

Ndugu msomaji, wewe mwenye kibali cha kuwinda, nina neno nawe. Pongo hukutambua kwa pua kabla hajakuona. Basi chukua jivu kidogo, liachie hewani, uende upepo ukikupiga usoni. Mlimani, jua likiisha kuwaka, hewa hupanda. Mwendee kutoka juu. Jioni hewa ya baridi hushuka; njoo kutoka chini.

Wakati wa kiangazi majani makavu hulia chini ya mguu. Fuata mchanga wa kijito. Piga hatua mbili tatu, simama, sikiliza. Mvua ikiisha kunyesha ardhi ni laini, hata mtu mzito hasikiki.

Lakini angalia: kama mnyama hakusikii, mwenzako naye hakusikii. Mwaka mmoja nilielekeza bunduki kwenye kichaka kilichotikisika. Nikangoja kidogo. Akatoka mama jirani na mzigo wake wa kuni. Nilikaa chini, magoti yakitetemeka. Tangu siku ile humwambia mwenzangu mahali nitakapokuwa, wala sipigi nisichokiona chote. Kitoweo cha siku moja hakilingani na kilio cha maisha.