Kabla Hujauliza Mashine Kuhusu Ushuru wa Kutuma Pesa

Kila Mswada wa Fedha ukitoka, wateja wetu huuliza swali lile lile: kutuma pesa kutapanda? Siku hizi wengi wanauliza programu za akili unde kwenye simu. Jibu linakuja papo hapo, kwa Kiswahili safi, bila kusitasita. Huko kutositasita ndiko kunatutia wasiwasi.

Programu hizi zinaendeshwa na modeli kubwa za lugha. Modeli imefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno linalofaa kufuata. Isipopewa sheria yenyewe, inajibu kwa mazoea. Sasa angalia ushuru wa kutuma pesa kwa simu. Ulikuwa asilimia 12, Sheria ya Fedha ya 2023 ikaufanya 15. Mswada wa 2024 ukataka 20, watu wakapiga kelele, kamati ya Bunge ikapendekeza ongezeko hilo liondolewe, kisha Juni 26 Rais Ruto akasema hatatia sahihi mswada wote. Ile 20 imejaa mitandaoni mpaka leo. Mashine inaweza kukupa hiyo kama sheria.

Kuna kosa lingine, na hili hata binadamu hulifanya: kusema ushuru unakatwa kwa pesa unazotuma. La. Unatozwa kwa ada. Ada ikiwa shilingi 20 kabla ya ushuru, asilimia 15 ni shilingi 3, hata kama umetuma maelfu.

Hatusemi uache kuzitumia. Mswada ni mrefu, lugha yake ni ya mawakili, na modeli inaeleza vizuri ikiwa na maandishi mbele yake. Basi bandika kifungu chenyewe, iambie ikueleze, halafu urudi ukahakikishe. (Sisi pia tuna maslahi hapa, ada ni biashara yetu, kwa hivyo usituamini sisi peke yetu.)

Kinachotusumbua zaidi ni upande wa pili. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwezeshe umma kushiriki. Ofisi ikipokea maelfu ya maoni, kishawishi cha kuipa mashine ifupishe ni kikubwa. Mama mboga ameandika nusu Kiswahili nusu Sheng kwamba anatoa pesa mara tatu kwa siku, kidogo kidogo, na ada inamla. Muhtasari unasema: "wananchi wanapinga ongezeko." Zile mara tatu zimeenda wapi? Maoni yetu ni kwamba ofisi ya umma ikitumia mashine kufupisha, itangaze, na mtu asome barua zenyewe.

Ukimwandikia Karani wa Bunge la Kitaifa, weka hesabu yako: unatuma mara ngapi kwa wiki, ada ni ngapi. Lakini usiipe programu PIN, namba ya kitambulisho wala taarifa ya miamala yako. Haihitaji hata moja kueleza kifungu cha mswada.