Homa ya Mtoto Asiye na Bandama Haingoji Asubuhi

Msimu wa mafenesi huku kwetu Uluguru una furaha yake na balaa lake. Mtoto mmoja wa pande za Kinole alianguka kutoka mtini, bandama (wengine huiita wengu) ikapasuka, damu ikajaa tumboni, na daktari akailazimika kuitoa ili kuokoa maisha yake. Kidonda kilipona. Karatasi ya kuruhusiwa ilisema "amepasuliwa tumbo", basi. Mama hakuelezwa zaidi.

Miezi minane baadaye homa ilimpanda jioni. Mama akampa parasetamoli, akasema watateremka kukikucha. Tulipompokea alikuwa hajitambui. Mungu alimponya, lakini sikio moja halisikii tena.

Bandama hukaa kushoto, chini ya mbavu. Huchuja damu na kukamata vijidudu, hasa vile vya nimonia na homa ya uti wa mgongo. Ikikosekana, homa iliyoanza mchana kama mafua yaweza kuua kabla ya kesho yake. Madaktari King na Shumacker wa Marekani waliandika juu ya hatari hiyo tangu mwaka 1952, na bado mama anarudishwa nyumbani bila kuambiwa!

Wala msidhani tunawasema walioanguka tu. Bandama ya mtoto mwenye selimundu hunyauka yenyewe akiwa bado mdogo, bila kisu. Naye yote haya yanamhusu.

Tuanze na chanjo. Ile ya nimonia iliingia katika ratiba ya watoto wetu mwaka 2013, hutolewa wiki ya 6, 10 na 14. Aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata; tazama kadi ya kliniki. Mwulize daktari pia juu ya chanjo ya uti wa mgongo. Upasuaji ukiwa wa kupangwa, chanjo zitangulie kwa wiki 2 au zaidi. Ukiwa wa ghafla, zifuate yapata wiki 2 baadaye. Mtoto akiandikiwa penisilini ya kila siku, usiikatishe kwa kuwa anacheza vizuri. Akiumwa na mbwa, hata kama jeraha ni dogo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu zetu wa Mgeta hupenda kusema mbu hawapandi kwao. Kweli, baridi huwapunguza. Lakini mnapoteremka na kabichi na kulala mjini Morogoro kwa shangazi, je, chandarua mmebeba? Malaria humwelemea zaidi asiye na bandama. Na hata kipimo kikionyesha malaria, mwambie mganga hana bandama, maana vijidudu vingine vyaweza kuwa vimejificha nyuma yake.

Mama yule wa Kinole sasa ameandika kwa kalamu nyekundu juu ya daftari la matibabu: HANA BANDAMA. Ndani ya jalada ameweka nauli ya bodaboda ya usiku, na hata chumvi ikiisha nyumbani haiguswi.