Pointi za Uaminifu: Nani Amemwamini Nani?

Utangulizi

Kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, yapata kilomita 60 na ushei kutoka mjini Lodwar, pana mahali paitwapo Eliye Springs. Hapo maji matamu hububujika kutoka ardhini, yakapita chini ya mikoma na kuliingia ziwa ambalo maji yake yenyewe yana magadi. Msafiri aliyeungua kwa jua la nchi kavu hupata hapo kivuli, kitanda, samaki wa ziwani na mashua ya kumvusha hadi Kisiwa cha Kati. Je, mwalimu wa shule ya msingi mjini Lodwar anaweza kulala hapo usiku mmoja kwa pointi alizojikusanyia katika simu yake?

Swali hili laweza kuonekana dogo, ila ndani yake mna suala la uchumi na, zaidi ya hilo, suala la lugha. Utaratibu wa kumzawadia mteja kwa pointi ulipata umbo lake la kisasa mwaka 1981, shirika la ndege la American Airlines lilipoanzisha mpango wake wa kuhesabu maili za wasafiri. Mahoteli makubwa ya Marekani yakafuata muda mfupi baadaye. Leo hii mtu ambaye kazi yake humlaza hotelini mara kwa mara anaweza kulipia kwa pointi siku kadhaa katika hoteli ya kifahari iliyo chini ya milima ya Colorado, kule Aspen au Beaver Creek, ambako matajiri huenda kuteleza juu ya theluji. Aghalabu safari zilizozaa pointi hizo zililipiwa na mwajiri wake.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Wateja wa maduka ya Nakumatt walibeba kadi zilizohesabu pointi kwa kila walichonunua. Safaricom ilianzisha Bonga mwaka 2007, na shirika la ndege la Kenya likauita mpango wake Asante. Hata mbugani pointi zimefika: hoteli ya JW Marriott iliyofunguliwa Masai Mara mwaka 2023 imo katika mtandao uleule wa pointi zinazotumika katika milima ya theluji. Watafsiri na watangazaji wengi huziita 'pointi za uaminifu'. Makala haya yanadai kwamba jina hilo limemgeuzia mteja deni lisilo lake. Kwa mantiki ya Kiswahili chenyewe, anayedaiwa uaminifu hapa ni mwenye biashara.

Hesabu ya Lodwar

Kabla ya kulichambua neno, ni vyema kuipiga hesabu. Katika mpango wa Bonga, mteja hupewa pointi 1 kwa kila shilingi 10 anazotumia. Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba wakati wa kulipia pointi 1 ina thamani ya senti 20. Maana yake ni kwamba kwa kila shilingi 100 zilizotoka, shilingi 2 hurudi. Mwalimu wa Lodwar anayetumia shilingi 1,000 kwa mwezi atapata pointi 100 kwa mwezi, yaani pointi 1,200 kwa mwaka, ambazo thamani yake ni shilingi 240. Ikiwa chumba kando ya ziwa kitakadiriwa kuwa shilingi 10,000 kwa usiku, mwalimu huyo atahitaji kukusanya kwa miaka 41 na miezi 8. Akianza kazi akiwa na umri wa miaka 23, atastaafu akiwa na miaka 60 kabla hajaupata usiku huo mmoja.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisema kweli, ila wao walizungumzia kibaba kilichomo nyumbani mwa mwenye kukijaza. Kibaba cha pointi kimo dukani. Mwenye duka ndiye anayekipima, na ndiye anayeamua kimejaa lini.

Aidha, zawadi hizi hazitoki hewani. Gharama yake imo ndani ya bei, na bei hulipwa na wote: anayetumia nyingi na anayetumia kidogo, anayejua kuzikomboa pointi zake na asiyejua. Mwenye kutumia mamilioni, hasa mamilioni ya mwajiri, hufika mlimani penye theluji. Mwenye kutumia mia mbili mia mbili humchangia nauli.

Haki itendeke, hata hivyo. Mwaka 2020, janga la Korona lilipofunga biashara na kuwaacha wengi bila kipato, Safaricom iliwaruhusu wateja kulipia chakula na bidhaa nyingine madukani kwa pointi, na hata kuwapa wenzao waliohitaji. Hatua hiyo ilistahili pongezi. Lakini ilidhihirisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba pointi zilikuwa mali tangu hapo, na kwamba ufunguo wa mali hiyo ulikuwa mkononi mwa aliyezitoa. Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo ilitangaza mpango wa kuzifuta pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu, kisha ikausitisha baada ya wateja kulalamika. Walionusurika walinusurika kwa kelele zao. Wateja wa Nakumatt hawakuwa na wa kumpigia kelele. Maduka yalifungwa moja baada ya jingine, na Januari 2020 wadai wa kampuni hiyo wakapiga kura ivunjwe. Mwenye kadi iliyojaa pointi akabaki na kipande cha plastiki kisicho na mahali pa kupitishwa.

Neno na Mzizi Wake

Mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba 'uaminifu' haukuzaliwa peke yake. Una ndugu zake: amini, imani, amana. Katika ukoo huo, neno linalotoa mwanga zaidi ni 'amana'. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa kwa mwingine ili kitunzwe na kurudishwa mwenyewe akikitaka. Aliyekiweka huitwa mwenye amana, na aliyekipokea ndiye anayetakiwa kuwa mwaminifu. Hakuna Mswahili anayemsifu mtu kwa uaminifu kwa sababu ameweka mali yake kwa jirani. Anayesifiwa ni jirani aliyeirudisha bila kupungua. Asipoirudisha, jina lake linajulikana: mhaini.

Sasa na urudiwe mpango wa pointi. Mteja amelipa na thamani kidogo imeandikwa kwa jina lake. Thamani hiyo imekaa kwa mwenye biashara ikimsubiri. Ni nani hapa aliyeweka, na ni nani aliyewekewa? Ni dhahiri kwamba mteja ndiye mwenye amana. Hivyo basi, maneno 'pointi za uaminifu', yakichukuliwa kwa uzito wake katika Kiswahili, yanapaswa kuwa kiapo cha kampuni. Lakini yanavyotumika sasa, ni sifa anayopewa mteja kwa kutohama. Tafsiri imelichukua neno la Kiingereza likiwa na mzigo wake wote, ikalitua mahali ambapo Kiswahili tayari kilikuwa na mzigo mwingine.

Patakuwa na atakayepinga. Atasema kwamba pointi ni bure, kwamba mteja hakulazimishwa, na kwamba mtoa zawadi ana haki ya kuweka masharti. Hoja hiyo ina nguvu nusu. Ikiwa pointi ni zawadi, basi na ziitwe zawadi, na zawadi ikishatolewa ni mali ya aliyepewa; aliyeitoa hana ruhusa ya kuifuata nyumbani kwa mpokeaji na kuipunguza. Ikiwa ni punguzo la bei, na ziitwe punguzo, ili mwalimu wa Lodwar aone kwamba ameahidiwa shilingi 2 katika 100 na aamue mwenyewe kama kiasi hicho kinatosha kumfunga. Ikiwa ni amana, basi na zitunzwe kama amana. Kisichokubalika ni kitu kimoja kuwa zawadi siku ya kudaiwa, punguzo siku ya kutangazwa, na uaminifu siku ya kumzuia mteja asihame. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Amana ya Mbuzi na Hesabu ya Kakuma

Watu wa Turkana hawakusubiri kadi wala simu ili kuufahamu utaratibu wa kuweka kwa mwenzako leo na kupokea kesho. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika kitabu chake kuhusu mifugo ya familia za Waturkana na Wajie kilichochapishwa mwaka 1955, alieleza jinsi mwanamume anavyojenga maisha yake juu ya urafiki wa mifugo. Humpa mwenzake mbuzi au ng'ombe wakati wa shida au wa mahari, naye hutarajia kupewa siku yake ya haja itakapofika. Mtandao huo huenea mbali, kwa marafiki na wakwe walio malisho tofauti, hata ukame ukiua zizi moja, uhai unabaki kwenye mazizi mengine. Hakuna daftari. Hesabu imo katika kumbukumbu na heshima, na anayekataa pasi na sababu hupoteza rafiki, pamoja na yote ambayo rafiki huyo angempa. Huo ndio uaminifu wa pande mbili, na neno hilo linaukaa vizuri.

Upande wa pili wa wilaya hiyohiyo ya zamani, yaani Kakuma, kambi ya wakimbizi imekuwapo tangu mwaka 1992. Huko, mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutoa sehemu ya msaada wake kwa njia ya simu, katika mpango ulioitwa Bamba Chakula. Mkimbizi alitumiwa thamani ya fedha ambayo haikuweza kutolewa taslimu wala kutumika popote ila kwa wenye maduka waliosajiliwa, na kwa chakula tu. Baadaye, hasa katika makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa mwaka 2016, fedha zisizofungwa kwa duka maalumu zikaanza kutolewa.

Kwa umbo, thamani iliyofungwa ya Kakuma na pointi za msafiri wa Colorado ni jamaa. Zote ni fedha zenye kamba, na ncha ya kamba imeshikwa na mwingine. Tofauti ni kwamba masharti yakibadilika, mmoja hukosa likizo na mwingine hukosa chakula cha jioni. Ndiyo maana suala la kuziita kwa jina sahihi si anasa ya wanaisimu. Aliye karibu na njaa ndiye anayehitaji zaidi kujua kama alicho nacho ni chake au ni cha kuazimwa.

Yafaa pia kuangaliwa majina yenyewe. 'Bonga' na 'bamba' ni maneno ya mtaani, mepesi mdomoni, yenye kumfanya mtu ajione yuko nyumbani. Masharti ya mipango ya namna hii, kwa upande mwingine, mara nyingi hukaa katika Kiingereza cha mawakili. Mteja hukaribishwa mlangoni kwa lugha anayoijua, akafika ndani akasomewa mkataba kwa lugha asiyoimudu.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili katika kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu anachokilipia. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kuona jinsi mtu anavyoweza kuambiwa kwamba amepata habari hizo ikiwa hakuzielewa.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoingia. Katika madarasa ya tafsiri, mazoezi mengi hutolewa kwenye hotuba na dondoo za riwaya. Si vibaya darasa moja likachukua masharti ya mpango mmoja wa pointi, likayaandika kwa Kiswahili ambacho mama muuza samaki wa Kalokol atakifuata kutoka mwanzo hadi mwisho: pointi ina thamani gani, inakufa lini, nani anaweza kubadili masharti, na kampuni ikifa pointi zinakwenda wapi. Zoezi hilo litafichua penye utata, kwa kuwa sentensi inayomficha mtu jambo ni ngumu sana kuitafsiri kwa lugha ya wazi.

Wenye hoteli wa Eliye na kwingineko Turkana nao wanaweza kuepuka shida hii yote. Mwenyeji wa kaunti akitakiwa kuvutwa, na aambiwe bei yake kwa shilingi, siku anapofika, bila kungoja miaka 41. Punguzo dogo linaloonekana ni bora kuliko ahadi kubwa isiyoshikika. Na kampuni itakayotaka kuendelea kuziita pointi zake za uaminifu iruhusiwe, ila kwa sharti ambalo Kiswahili kimeliweka siku nyingi: ahadi ni deni, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.