Sauti ya Siti binti Saad Katika Mioyo ya Watu

Nyimbo ni nyingi na waimbaji hawahesabiki, lakini waimbaji wanaokumbukwa baada ya miaka mingi ni wachache. Wimbo mmoja huimbwa katika kila arusi msimu huu, na msimu ujao hakuna anayeuuliza. Mwingine binti huupokea kwa mama yake, akaja kumwimbia mjukuu. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko wa Siti binti Saad wa Unguja, na inafaa kutazama sauti yake ilipata wapi nguvu ya kuingia mioyoni mwa watu.

Alizaliwa karibu na mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, akaitwa Mtumwa. Wazazi wake, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, walikuwa watu wanyonge waliotafuta riziki kwa jembe na kwa ufinyanzi. Binti naye alifundishwa kazi ya udongo, akawa akitembeza vyungu kwa miguu huku akiimba. Wateja walimtambua kwa sauti kabla hawajamwona. Shule hakwenda. Aliolewa na mtu, akazaa naye, kisha akaachwa. Na karibu na mwaka wa 1911 alihamia mjini kutafuta maisha bora.

Huko alikutana na mtu wa muziki, ambaye alimfundisha kuimba kwa kanuni. Taarab wakati ule ilikuwa burudani ya wakubwa. Tangu enzi ya Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja toka 1870 hata 1888, ilichezwa katika jumba la Sultani, na maneno yake yalikuwa ya Kiarabu. Siti alijifunza nyimbo hizo vema, akaalikwa katika majumba ya mabwana na mbele ya Sultani mwenyewe. Ndipo alipopewa jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima, na jina la Mtumwa likaachwa. Lakini sifa yake kubwa ilitokana na jambo jingine: alitwaa muziki ule wa jumba la kifalme akautia Kiswahili, hata mchukuzi wa bandarini na muuza maandazi wakasikia kila neno.

Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida. Usiku alikutana huko na wenzake, miongoni mwao Mwalimu Shaaban, Mbaruk, Subeti na Buda, wakipiga vyombo na kutunga. Majirani walikusanyika kusikiliza, nao walileta habari za mchana: nani kadhulumiwa, nani kahukumiwa, tajiri gani kamla maskini haki yake. Jambo lililotokea katika mtaa liligeuka wimbo, na wimbo ukarudi katika mtaa kujadiliwa barazani.

Mfano mmoja ni wimbo uitwao Kijiti. Wasimulia habari ya mwanamke mgeni, mja mzito, aliyetoka Dar es Salaam, akachukuliwa ngomani na mwanamume wa jina hilo, akauawa. Mwuaji alitoroka, mkono wa sheria ukawashika wanawake waliokuwa pamoja naye, waliokwenda kutoa ushahidi. Mwanamke aliyeusikia wimbo huo hakuhitaji kuelezwa uchungu uliomo. Kilio chake mwenyewe, ambacho hakuwa na mahali pa kukipeleka, alikisikia kikitolewa kwa sauti tamu, mbele ya watu wote.

Mwaka wa 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, wakatiwa katika santuri na kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa asikilizaye gramafoni. Upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua dakika tatu au nne tu, na wimbo uliozoea kuimbwa kwa utulivu usiku kucha ulipaswa kufupishwa. Hata hivyo sauti ilivuka bahari. Santuri zake zilinunuliwa Mombasa, Lamu na mpaka bara, na watu ambao hawajapata kuiona Unguja wakamjua Siti.

Husuda nayo haikukosekana. Walikuwapo walioimba mashairi ya kumkejeli kwa asili yake ya shamba, kwa umaskini aliotoka nao na kwa sura yake. Siti hakujibu kwa matusi. Alijibu kwa wimbo, akikumbusha kwamba uzuri wa sura hausaidii kitu mtu akikosa akili na tabia njema. Jibu hilo liliwafariji wengi ambao nao walipata kudharauliwa kwa ukoo au kwa nguo zao.

Alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Muda mfupi kabla ya kufa alizungumza na Shaaban Robert, ambaye aliandika kitabu cha maisha yake, Wasifu wa Siti binti Saad. Nyimbo zake hazikuzikwa naye. Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza, aliziimba mpaka uzeeni, akafariki mwaka wa 2013. Na mwaka wa 1988, wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipoanzisha gazeti la kutetea haki za wanawake, waliliita Sauti ya Siti.

Kijana atakaye kuwa mwimbaji aweza kupata mafunzo hapo. Sauti nzuri ni tunu, na mafundisho huing'arisha. Siti alikuwa na vyote viwili. Lakini wako wengi wenye sauti nzuri ambao majina yao hayajulikani leo. Yeye alikaa karibu na watu, akasikiliza kabla ya kuimba, akayasema waziwazi yale ambayo mnyonge aliyanong'ona jikoni. Mfinyanzi mwema huujua udongo kwa vidole vyake kabla hajaanza kuufinyanga. Binti huyu wa Fumba aliujua moyo wa mnyonge namna hiyo, kwa kuwa ndio aliozaliwa nao, na hakuusahau alipoketi katika majumba ya wakubwa.