Shanga 29 Darasani

Twaonelea ni kosa mwalimu wa sayansi kuziita dawa zote za miti shamba ushirikina. Mtoto aliyemwona bibi yake akizichemsha hunyamaza. Si kila mzizi ni dawa, twajua. Lakini katika miaka ya 1960, nchini Kongo, daktari Lorents Gran wa Norwe aliwakuta akina mama wa Kilulua wakinywa maji ya mmea uliochemshwa ili kuhimiza uzazi. Mwaka 1995 ilidhihirika kuwa kiini chake, kalata B1, ni mnyororo wa asidi amino 29 ulioungwa ncha kwa ncha na kukazwa kwa vifungo 3 vya salfa. Kwa hiyo moto hauuharibu, na vimeng'enya vinavyokata kuanzia nchani havina pa kushika. Wataalamu sasa wanajaribu kuunda dawa mpya kwa umbo hilo. Mwanachuo na atunge shanga 29, aufunge uzi, kisha awaambie watoto watafute mwanzo wake.