Rejeta ya Oili kwa Pikipiki: Fedha ya Nyumba Iende Huko?

Msomaji wetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Mugumu, wilayani Serengeti, anaomba shauri. Pikipiki aliyomnunulia mdogo wake ili afanye kazi ya bodaboda imefunguliwa injini mara mbili katika mwaka mmoja, na mara zote mbili ringi zilikutwa zimekwisha na silinda imekwaruzika. Fundi amemwambia kuwa injini inakufa kwa joto, na kwamba dawa yake ni kuifungia rejeta ndogo ya kupozea oili. Fedha iliyopo nyumbani ni ile ya sare na madaftari ya watoto wawili. Je, aitoe?

Swali hili si la dada yetu peke yake. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo, nyumba nyingi za Tarime na Serengeti zimekuwa zikila kwa chombo hiki. Aghalabu pikipiki moja hulisha nyumba mbili, ya mwenye mali na ya mwendeshaji, na siku injini inapolala, hesabu ya jioni nayo hulala.

Yafaa kwanza tuelewe joto lenyewe latoka wapi. Pikipiki nyingi za kazi hii, ziwe Boxer na TVS zitokazo India au zile za Kichina kama SanLG, hazipozwi kwa maji. Kati ya joto lote linalozaliwa petroli inapoungua, takriban robo tu ndiyo igeukayo kuwa nguvu ya kusukuma gurudumu. Linalobaki hutoka kwa njia ya sailensa, au huchukuliwa na upepo upitao katika mapezi ya silinda. Oili nayo, ambayo katika injini hizi ni kiasi cha lita moja tu, haikuwekwa kulainisha peke yake. Hubeba joto kutoka chini ya pistoni na kwenye vali, ikalishusha katika tumbo la injini ambako upepo hulipokea. Oili ikipata joto kupita kiasi huwa nyepesi kama maji na huharibika upesi. Mafundi wa mafuta hukadiria kuwa kila joto lizidipo kwa nyuzi 10, kasi ya kuharibika huongezeka karibu maradufu.

Rejeta ya oili, basi, ni kisanduku cha alumini chenye mapezi, kifungwacho mbele ya injini na kuunganishwa kwa mipira miwili. Oili hupita humo, hupigwa na upepo, kisha hurudi ndani. Wazo hili si la upuuzi hata kidogo. Mwaka 1985 kampuni ya Suzuki ya Japani ilitoa pikipiki ya GSX-R750, ambayo injini yake ilipozwa kwa oili nyingi iliyorushwa chini ya pistoni na juu ya silinda, na ikasifika duniani. Walakini injini ile ilikuwa na nguvu za farasi kiasi cha 100, na pampu yake ilibuniwa tangu mwanzo kwa kazi hiyo. Boxer ya 150 ina nguvu za farasi 12 hivi.

Sasa tazama kazi ya kijana wetu. Anapanda milima ya Tarime akiwa na abiria na gunia la mahindi, au mikungu ya ndizi imefungwa nyuma, gia ya kwanza au ya pili, injini ikilia kwa nguvu na pikipiki ikienda mwendo wa mtu anayekimbia. Hapo ndipo joto lilipo, na hapo ndipo upepo haupo. Rejeta isiyo na feni hutegemea upepo uleule ambao silinda inaukosa. Itamsaidia zaidi yule aendaye mwendo mrefu katika barabara iliyo wazi akiwa na mzigo kuliko huyu apandaye mlima polepole. Tena ikifungwa vibaya, mbele kabisa ya silinda, huizibia hewa na kuipelekea ile iliyokwisha kupata moto.

Liko jambo jingine ambalo fundi hakulisema. Ringi zilizokwisha na silinda iliyokwaruzika ndani ya miezi michache ni dalili ya vumbi kabla ya kuwa dalili ya joto. Wapo waendeshaji wanaoondoa kichujio cha hewa wakidhani wanaongeza nguvu. Wapo pia wanaomwomba fundi apunguze petroli kwenye kabureta ili kubana matumizi. Injini inayonyimwa petroli huungua kwa joto kali zaidi, na akiba ya wiki huliwa na pistoni mpya. Udongo mweusi wa mbuga upande wa Serengeti nao hujaza mapezi wakati wa mvua, ukakauka kama tofali. Kuubandua kwa kijiti na maji, injini ikiwa imepoa, hakugharimu senti. Kadhalika ule mfuko wa plastiki wanaoufunga mbele kuzuia baridi ya asubuhi: miguu haipati upepo, na injini vilevile.

Kwa hiyo tunamshauri dada yetu aanze na kichujio kipya, plagi inayofaa, na kabureta iliyorudishwa kama ilivyotoka kiwandani. Kisha oili ya pikipiki ya daraja ambalo kitabu cha chombo kinataja, aghalabu 20W-50, yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi ya pikipiki huoga katika oili hiyohiyo na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Kijana akienda kilomita 100 kwa siku, kilomita 2,000 hutimia kwa siku 20, na kwa kazi ngumu hiyo oili haipasi kungojewa zaidi. Akitaka kweli kujua kama joto linazidi, huuzwa vifuniko vya oili vyenye kipimajoto. Ni rahisi kuliko rejeta, na humwambia mtu ukweli kabla hajatoa fedha.

Na wale ambao kazi yao ni mwendo mrefu na mzigo, wakaamua kuifunga? Wamtafute fundi aijuaye njia ya oili ya injini hiyo hasa, kwa maana pampu hizi ni dogo, na rejeta iliyoziba huweza kuinyima oili sehemu ya juu ya injini. Mipira iwe ya kuhimili oili ya moto, isiguse sailensa wala kusuguana na fremu. Injini iwashwe dakika chache, izimwe, kisha kijiti cha kupimia kitazamwe tena, kwani rejeta hunywa oili yake yenyewe. Mpira ukipasuka njiani oili humwagika hadi kwenye gurudumu la nyuma, na abiria amekaa juu yake. Basi ikaguliwe kila asubuhi kabla ya kutoka.