Rubavu: lori lilipita, beseni likazuiwa

RUBAVU – Rwanda ilipofunga mipaka Machi 2020 kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yaliendelea kuvuka. Waliozuiwa ni wachuuzi waendao Goma kwa miguu kupitia Petite Barrière, wengi wao akina mama. Hoja ya msongamano ilikuwa na uzito, kwani kabla ya hapo makumi ya maelfu walivuka hapo kila siku. Lakini Aprili 2020 serikali yenyewe ilitangaza maambukizi mapya miongoni mwa madereva wa malori na wasaidizi wao. Manung'uniko yakaanzia hapo.

Juni 2020 mikoa ilifunguliwa, Rubavu na Rusizi zikabaki zimefungwa. Wachuuzi waliokusanya mizigo katika lori moja waliendelea kuuza, ila nauli ilikula faida, na bei ikapangwa Goma bila wao kuwepo.